Kiangazi cha Kaskazini: Mwacheni Mtoto Alale (Sehemu ya 6)

Wale mlioomba niendelee na mfululizo huu wa maisha ya ughaibuni, leo nimepata nafasi, niko mapumziko baada ya zamu tatu za usiku. Chukua chai, maana ni ndefu.

Kila anayesafiri kwenda nchi za kaskazini kabisa anaandaliwa kwa baridi. Mama anamfumia sweta, shangazi anamtafutia koti zito kwenye mitumba ya Arusha, mchungaji anamwombea kuhusu theluji. Sijaona hata mmoja aliyeandaliwa kwa kiangazi. Kiangazi tunakihesabu kama zawadi: baridi imekwisha, jua limetoka, mtoto sasa anakula raha. Mimi nasema hapana. Kwa mtu wetu, hasa nesi au mhudumu wa wazee aliye mwaka wake wa kwanza, miezi ya sita na ya saba ndiyo inayomchosha kuliko yote. Na sehemu ya mzigo huo tunamtwisha sisi tuliobaki nyumbani, bila kujua.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi wa stashahada, nafanya kazi wodini hapa Karatu. Nilikwenda Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kwa mpango wa kubadilishana wauguzi, nikakaa mwaka mmoja na miezi kidogo. Nimeona giza lao na nimeona mwanga wao. Ninachoandika ni maoni yangu, lakini yana miguu.

JUA LISILOZAMA NI KITU GANI HASA

Sisi wa Karatu tuko karibu na ikweta. Mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka havipishani hata nusu saa. Ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili imekaa vizuri: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, mpaka saa kumi na mbili jioni linapozama tunaanza upya. Hata magari ya watalii kule kreta yanatakiwa yawe yamepanda juu kabla ya saa 12 jioni, na dereva hahitaji kuangalia simu, anaangalia ukingo wa magharibi tu.

Sasa ipeleke saa hiyo Tromsø. Kuanzia tarehe 20 hivi ya mwezi wa tano hadi tarehe 22 hivi ya mwezi wa saba, jua halizami kabisa. Sisemi linachelewa kuzama. Halizami. Linazunguka angani kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Saa sita mchana liko kusini, saa sita usiku liko kaskazini, limeshuka lakini bado linakutazama. Miezi miwili hiyo. Neno "usiku" linabaki mdomoni tu.

Halafu kuna kitu kitakachowashangaza: hakuna joto. Watu wanasikia "majira ya joto" wanafikiri Dar es Salaam. Wastani wa joto la Tromsø mwezi wa saba ni nyuzi 12 hivi. Hiyo ni sawa na mwezi wa saba pale ukingoni mwa Ngorongoro, ukungu umelala barabarani na askari wa geti la Lodoare amejifunika mpaka masikio. Kwa hiyo mtu wetu, baridi yao ya kiangazi anaimudu, ameizoea tangu Oldeani na Rhotia. Kinachompiga ni mwanga. Na mwanga haupigi kwa kishindo, unakula usingizi kidogo kidogo.

Nieleze kidogo kama nesi. Ubongo wa binadamu unatambua usiku kwa giza. Giza likiingia, mwili unaanza kutoa homoni inayoitwa melatonini, ambayo kazi yake ni kuuambia mwili kwamba sasa ni muda wa kulala. Mwanga mkali ukiingia machoni jioni, homoni hiyo inachelewa. Wewe uliyekulia Karatu, tangu unazaliwa mwili wako umepewa ishara hiyo kila siku, kwa wakati uleule, kwa miaka thelathini. Ghafla ishara inakatwa. Umechoka, miguu inauma, lakini kichwa kinakwambia bado ni saa kumi jioni, nenda kachote maji.

Unakuta saa tano za usiku jirani anapaka rangi nyumba yake. Watoto wako kwenye baiskeli. Vijana wanapanda mlima saa saba ya usiku na kuku wa kuchoma kwenye begi. Na usiwalaumu. Watu hawa kuanzia mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mpaka katikati ya mwezi wa kwanza hawalioni jua kabisa, kwa hiyo likija wanalila kama mtu aliyefunga. Lakini wao wamezaliwa humo. Kila nyumba ina mapazia mazito, na wamefundishwa tangu utotoni kwamba pazia likifungwa, ni usiku, hata kama nje kunawaka. Mgeni anaona ile furaha ya nje, haoni mapazia ya ndani.

MZUNGU WA LODOARE NA MTOTO WAKO

Hapa sasa ndipo naomba tuelewane vizuri.

Sisi watu wa Karatu tunamjua mtu wa kaskazini kupitia utalii. Mwezi wa saba na wa nane mji unajaa. Magari yamepanga foleni getini, hoteli hazina nafasi, wauza vinyago wanatabasamu. Tunamwona Mzungu amevaa kaptula, anapiga picha, ana muda, ana hela. Kichwani mwetu picha inakaa: hivi ndivyo wanavyoishi kiangazi.

Lakini jiulize, huyu mtu kwao anafanya kazi gani? Mwingine ni nesi. Mwingine ni daktari. Mwingine anahudumia wazee. Yuko hapa kwa sababu yuko likizo. Norwei mfanyakazi ana haki ya kudai wiki tatu mfululizo za likizo kati ya tarehe 1 Juni na 30 Septemba, na nchi karibu nzima inapumzika wiki tatu za mwisho za Julai. Sasa wagonjwa hawaendi likizo. Wazee hawaendi likizo. Wodi lazima iwe na mtu. Nani anabaki? Anabaki mgeni, asiye na kibanda cha familia ufukweni, asiye na nauli ya kuja nyumbani, na anayehitaji hela.

Kwa hiyo ukimwona Mzungu anashuka kreta mwezi wa saba, jua kwamba kuna mtu amemshikia zamu yake kule. Huenda ni mtoto wako.

Na zamu za kipindi hicho ni nyingi. Simu inalia kila siku: unaweza kuja leo usiku? Unaweza kuongeza Jumamosi? Wanaomba kwa adabu, na wanalipa nyongeza ya usiku na ya wikiendi. Sheria yao inataka mtu apate saa 11 za mapumziko kati ya zamu mbili, ingawa makubaliano ya kazini yanaweza kuzipunguza. Lakini sheria inaweza kukupa saa za kulala, haiwezi kukupa usingizi. Unatoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, jua limewaka kama lilivyowaka usiku kucha, unaingia kitandani macho yamekodoka. Saa nane mchana bado. Saa tatu usiku unarudi kazini. Siku nne hivyo, nesi hana tofauti na mlevi. Nilimwona mwenzangu mmoja, dada kutoka Kenya, mchapakazi kweli, amesimama mbele ya kabati la dawa akisoma karatasi moja mara nne, haielewi. Alikuwa na akili ya kuita mtu wa pili ahakiki dozi. Siku nyingine huyo mtu wa pili asingekuwepo.

Hiyo ndiyo hofu yangu. Mtu mgeni, leseni mpya au bado anaitafuta, akikosea dozi moja kwa uchovu, ndoto yote imekwisha. Na mgonjwa je?

HELA YA JUNI

Sasa tuje kwenye hela, maana ndiyo inayopigiwa simu.

Kuna habari imeenea huku kwamba Norwei mwezi wa sita watu wanalipwa "mshahara wa ziada". Ndugu wakisikia hivyo, kamati ya harusi inakaa. Na kwa kweli ndio wakati wenyewe, mahindi yanavunwa, ngwara zinakaribia, harusi zinaanza, kila kundi la WhatsApp lina kadi ya mchango.

Nieleze ilivyo. Ile si ziada. Ni hela ya likizo. Mwaka mzima uliopita mwajiri anapiga hesabu ya asilimia ya ulichopata: kima cha sheria ni asilimia 10.2, na walio kwenye makubaliano ya wiki tano za likizo hupata asilimia 12. Hela hiyo kwa kawaida inalipwa mwezi wa sita, kwa ajili ya siku ambazo utakuwa likizo na mshahara hautaingia. Ni mshahara wa likizo, umetangulizwa.

Sasa sikiliza vizuri: inahesabiwa kwa kazi ya mwaka ULIOPITA. Mtu aliyefika mwezi wa kwanza mwaka huu, mwaka jana hakufanya kazi kule. Hana kitu. Ana haki ya likizo, lakini ni likizo isiyo na malipo, na sheria inamruhusu kuikataa. Basi wengi wanaikataa, wanafanya kazi kiangazi chote. Yaani yule ambaye mwili wake ndio haujazoea, ndiye huyohuyo asiyepumzika. Na ndiye tunayempigia simu tukisema "tumesikia mmepata".

Naomba hilo limeze, ulirudie mara mbili, ulipeleke kwenye kikao cha ukoo.

WAPO WATAKAOSEMA

Najua maneno yatakayokuja kwenye maoni. "Nesi, mbona wewe unalala mchana baada ya zamu hapo Karatu, mbona hufi?" Ni kweli nalala. Lakini jioni inakuja. Saa moja usiku giza la Karatu linaingia lenyewe bila kuombwa, umeme ukikatika ndiyo kabisa, na mwili unajirekebisha. Kwao hakuna jioni inayokuja kukuokoa kwa miezi miwili.

Mwingine atasema, "Alikwenda kutafuta, si kulala." Hili nalichukua kwa uzito, sitaki kulidharau. Nyumba nyingi hapa zimeezekwa kwa hela za watoto walioko nje. Nawajua wazee Endabash wanaolipiwa bima ya afya kutoka huko, na wanafunzi wanaosoma kwa mgongo wa dada zao. Sisemi asitume. Mtoto wa Karatu asiyekumbuka kwao ni hasara. Ninachosema ni kwamba ng'ombe wa maziwa naye anaachwa apumzike. Mfugaji gani, awe Mmaasai wa Endulen au Mbulu wa Karatu, anakamua ng'ombe mchana na usiku kwa sababu tu mbalamwezi inawaka? Tunajua kabisa kitakachotokea. Kwa mtoto wetu tunasahau.

Wa tatu atasema, "Mbona kwenye picha anacheka?" Ndiyo, anacheka. Saa sita usiku, jua nyuma yake, bahari inang'aa, nani asicheke? Uzuri ule ni wa kweli. Mimi mwenyewe tarehe 17 Mei, sikukuu yao ya taifa, nimesimama barabarani theluji bado iko pembeni, watoto wanapita na bendera, nikafurahi. Mbu wao wanauma lakini hawana malaria, hilo pekee ni la kumshukuru Mungu. Lakini picha inapigwa sekunde moja. Haikuonyeshi saa kumi alfajiri amekaa kwenye ukingo wa kitanda anahesabu masaa.

KWA ULIYEKO HUKO

Wewe uliyeko Tromsø, au Bodø, au Oulu ya Ufini, au Kiruna ya Uswidi, na hiki ni kiangazi chako cha kwanza, soma hapa polepole.

Anza na dirisha. Nunua mapazia mazito yasiyopitisha mwanga kabla hujanunua kitu kingine chochote. Huna hela? Foili ile ya kufunikia chakula, ibandike kioo kizima. Jirani akikuona wa ajabu, mwache akuone wa ajabu. Ongeza na kitambaa cha macho.

Kula kwa saa ya ukutani, lala kwa saa ya ukutani. Usingoje anga likwambie, halitakwambia. Weka kengele ya kulala kama unavyoweka ya kuamka. Saa moja au mbili kabla ya hapo funga pazia, punguza taa, weka simu mbali. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Kulala sana mwezi wa kumi na mbili hakulipi deni la mwezi wa saba.

Ukitoka zamu ya usiku, vaa miwani ya jua njiani, ingia ndani moja kwa moja. Usipitie dukani, usipitie ufukweni. Kahawa iishie nusu ya kwanza ya zamu. Na hata kama kahawa ni ya Oldeani umetumiwa na mama, sheria ni ileile.

Pombe haileti usingizi, inaleta kuzimia kwa muda. Na vidonge vya rafiki usiviguse, wewe ni nesi, unajua.

Jifunze sentensi moja kwa lugha yao na uiseme bila kuomba radhi: "Hapana, leo siwezi." Kule si utovu wa adabu. Msimamizi atampigia mwingine, na kesho atakusalimu vilevile. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikuita unaitika, lakini rosta siyo baba yako.

Ukiona wiki mbili hulali, au unalala saa mbili tu na unajisikia una nguvu za ajabu, mawazo yanakimbia, unanunua vitu, usifurahie. Nenda kwa daktari. Kukosa usingizi kunaweza kuamsha ugonjwa wa akili kwa mtu mwenye historia hiyo kwenye familia, na sisi historia hizo hatuzisemi mezani. Norwei, ukiwa mkazi uliyesajiliwa una haki ya daktari wako wa kudumu. Mtumie. Hilo si jambo la aibu, na halikufukuzishi kazi.

Na mwisho kwako: sema ukweli nyumbani. Ukituma picha ya jua la usiku, tuma na ya rosta.

KWA ULIYEKO NYUMBANI

Mama, baba, kaka, shangazi, mimi naombeni mambo manne tu.

Mwezi wa saba msimwombe hela mpya. Kama kuna ahadi ya zamani, ada au dawa, sawa. Lakini harusi, kipaimara, bati, vikae mpaka mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa usiku umerudi kwake, amelala, akili imetulia, na mtaelewana vizuri zaidi hata kuhusu hiyo hela.

Pili, muulizeni rosta yake. Kiangazi tunapishana saa moja tu na Norwei, wao wako nyuma yetu. Ni rahisi kufikiri kwamba kwa kuwa kwetu ni saa nne asubuhi na kwake ni saa tatu, yuko macho. Kama alikuwa zamu ya usiku, hiyo ndiyo saa pekee usingizi umemshika. Tuma ujumbe wa sauti, atausikiliza akiamka. Simu ya kumwamsha iwe ya msiba au ya mgonjwa mahututi.

Tatu, akisema amechoka, msimjibu "wenzako wanalima". Najua wanalima. Nami nimelima. Mkulima wa Mang'ola akitoka kwenye vitunguu jioni, giza linamlazimisha kulala. Usimpime kwa hilo.

Nne, swali la kwanza liwe "umelala?" kabla ya "umekula?" Kula atakula, friji zao zimejaa. Usingizi ndio njaa ya huko.

Nimeandika hivi kwa sababu kuna binti mmoja niliyemfundisha kuchoma sindano hapa wodini, sasa yuko kule, kiangazi chake cha kwanza. Familia imekaa kikao na kumpangia kiasi cha mchango kufikia mwisho wa Julai, na yeye amekubali, kwa sababu ameelelewa vizuri. Amechukua zamu za usiku kumi na saba mwezi huu. Kumi na saba. Simtaji, na familia yake siitaji. Wakisoma watajijua. Ninawaambia kwa heshima zote: punguzeni hicho kiasi kwa nusu leo, kabla ya Jumatatu, na mmwandikie ninyi wenyewe kwamba mmepunguza. Yeye hatawaomba.

Sehemu ya 7 nitaandika kuhusu leseni: kwa nini stashahada yako ya hapa haikubaliwi moja kwa moja kule, na karatasi za kutafuta kabla hujaondoka. Mwenye swali aweke hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Sambaza kwenye kundi la ukoo, hasa kama kundi lina kadi ya mchango imebandikwa juu.

Usiku mwema. Kwetu huku umeshaingia.